Kona ya Mtambile

Sikuja kumwona mshindi.
Nimekuja kuisikia Ostini ya Faki Hamadi
ikikohoa kabla ya kona,
gia ikigoma, ikibembelezwa, ikikubali.

Pijo nyeupe imeshapita zamani,
vumbi lake limetua juu ya karafuu zilizoanikwa
na mwenye majamvi anatutukana sote.

Nimeshika saa ya marehemu baba.
Huchelewa dakika mbili,
kwa hiyo kwangu mimi Faki bado yumo.

Hiyo!
Taa moja, boneti imefungwa kamba ya usumba,
mlango kaushika kwa mkono.
Napiga kelele hadi kanga inanivuka.

Wa mwisho, wanasema.
Wa mwisho!
Gari imenizidi miaka ishirini
na mlima imeupanda.