Kumi na Mbili kwa Mia

Kaa, Aikande. Kiti hicho kinayumba, kiegemeze ukutani.
Faili lako nimelisoma mara mbili.

Mtihani: mia sita na themanini.
Waliochukuliwa mwaka jana wanakuzidi kwa hamsini.
Shahada: daraja la pili la juu.
Haimtishi mtu, wala haichekeshi.
Miaka sita benki, dirisha la mikopo,
hatua chache kutoka Mnara wa Saa.
Umepanda cheo mara moja. Wao hupenda mara mbili.

Na insha, nikuambie?
Inaanza na Kilimanjaro.
Kila insha inayotoka Moshi inaanza na Kilimanjaro:
uongozi ni kilele, shida ni baridi,
timu ni wapagazi wasio na majina.
Wewe hujawahi kupanda. Umesema mwenyewe.
Mlima unauona kama sisi wote,
asubuhi, ukianika nguo,
kabla wingu halijafunga mlango.

Kwa hiyo nimeandika hapa, kwa penseli:
kumi na mbili kwa mia.
Usinune. Wapo waliotoka humu na nne,
na ada yao nikaila vilevile.

Ila karatasi hii ya mwisho, ya nini?

“Samahani, imejibana humo. Ni ya mfongo.
Wa kwetu, Kibosho. Baba ndiye aliyeandika zamu za maji.
Alipofariki daftari likabaki mezani,
na mwenye mwandiko unaosomeka nilikuwa mimi.”

Nikavaa miwani.
Kaya arobaini na moja.
Jumanne alfajiri, Mama Ndeshau, saa tatu badala ya mbili:
shamba lake liko mkiani, maji humfikia yamechoka.
Kiwelu, kaziba mfereji usiku, faini debe la mbege.
Chini yake, kwa wino mwingine:
*amesamehewa, mkewe amelazwa.*
Zamu ya mchungaji imesogezwa nyuma ya mjane.
*Mchungaji amekasirika.*
Wiki iliyofuata: *Zamu ni ileile.*

Miaka mingapi?
“Mitano.”
Kwa malipo gani?
Akacheka. “Hayo si mambo ya nyumbani tu?”

Chini, kwa fundi viatu, nyundo ilikuwa inagonga soli.
Mimi nami niliwahi kuandika insha.
Ilikuwa na theluji nyingi.
Jibu lilikuja na mistari mitatu,
mmoja ukiwa jina langu, limekosewa.

Nikachukua kifutio, nikaifuta ile kumi na mbili.
Nikazitazama alama za mtihani. Hazikuwa zimeongezeka.
Nikaandika tena, palepale penye ukungu wa penseli,
kumi na mbili.

Zimebaki siku tisa, nikamwambia.
Uache mlima. Anza na mke wa Kiwelu.

Akaikunja karatasi, akatazama saa.
“Kesho basi. Leo saa kumi nafungua maji.”