Mpini wa Msumeno

Siku ya tano sasa mbwa wa Zenon yuko roshani,
ghorofa ya nne, kwenye mnyororo mfupi kuliko kivuli chake.
Maji ya bakuli yamekuwa jiwe.
Ukuta wetu ni mmoja. Usiku nasikia kucha zikikwaruza saruji,
kisha nasikia zimeacha,
na hapo ndipo usingizi unaponikimbia.

Nikawapigia polisi. Kijana mwenye sauti ya mafua:
"Amemuuma mtu?"
Hapana.
"Basi waone askari wa jiji."
Askari wa jiji wakanielekeza idara ya mifugo
(mifugo, hapa Łódź, kati ya tramu na mabomba!),
idara ikanipa namba ya chama cha wapenda wanyama,
ambako mashine ilinipigia kinanda dakika arobaini
kisha ikaniaga kwa adabu.

Nimewahi kuona danadana zikipigwa vizuri,
ila si kwa mpira wenye mbavu.

Miaka thelathini na mmoja nilifuma kiwandani.
Uzi ukikatika, palikuwa na jina la wa kuuunga:
jina, namba ya mtambo, zamu.
Wanasema sheria ni msumeno.
Sawa. Lakini sijaona msumeno
uliopanda ngazi wenyewe kwenda kukata mnyororo.
Nani kashika mpini?

Siku ya saba akaja Bogumiła Wrzos, askari wa jiji,
buti zimejaa theluji, pua nyekundu kama ya mlevi.
Akapiga picha kutoka roshani yangu.
Akapenyeza mkono kati ya vyuma, akagonga bakuli, ngo, ngo.
"Naweza kumchukua leo. Gari liko chini.
Nataka shahidi tu. Jina kamili, na sahihi.
Mwenyewe atalisoma."

Zenon ndiye anayenipandishia makaa
tangu goti langu liliponisaliti.
Zenon alibeba jeneza la mume wangu, upande wa kushoto.
Karatasi ile haikuwa na mstari wa mambo hayo.
Labda kila aliyenijibu simu
ana Zenon wake.

Nikaipokea kalamu. Ikagoma; wino umeganda.
Bogumiła akataka kushuka garini atafute nyingine.
Ngoja, nikamwambia,
nikaitia kwapani kama kipimajoto,
tukasimama pale, hatusemi kitu,
na mbwa akilikodolea macho kwapa langu
kana kwamba nimeficha mfupa.