Nyasi Zimechukua Fomu

Wapiganapo fahali wawili, mwisho wake unaujua.
Huku Nebraska fahali wenyewe ni tembo na punda,
na nyasi, mwaka wa sabini na nane,
zilichoka kuumia, zikaenda kuchukua fomu.

Jina lake Emmett Vondracek, fundi wa piano.
Aliingia nyumba za watu kwa mlango wa jikoni,
akafungua tumbo la piano, akasikiliza, akakaza waya,
na kabla hajalipwa akatoa karatasi:
"Naomba sahihi yako. Si kura. Sahihi tu,
niruhusiwe kushindwa kihalali."

Sahihi elfu mbili. Nyingine zilikataliwa
kwa kuwa mama mmoja aliandika Bess badala ya Elizabeth,
kwa kuwa wino uliganda kwa baridi ya Februari
nje ya duka la misumari, herufi zikakatika katikati.
Tembo hatafuti sahihi. Punda hatafuti sahihi.
Majina yao yamo tangu enzi za babu,
kama chapa kwenye paja la ng'ombe.

Chama chake kiliitwa Kisima. Wanachama kumi na mmoja,
mmoja wao hasikii.
Sera yake moja: maji ya chini yanashuka.
Alitembea na kamba yenye mafundo, kila fundo mwaka,
na alipoitwa kuhutubia (aliitwa mara mbili)
aliitandaza sakafuni ikafika viti vya nyuma,
watu wakainua miguu.

Sabini na nane, ubunge wa jimbo: kura mia tatu na nne.
Themanini na mbili, ugavana: asilimia moja na chenji.
Themanini na sita mdahalo ulifanyika ukumbi wa shule.
Hakualikwa. Akaegesha gari nje, akafungua redio,
na kila swali lililoulizwa ndani
alilijibu palepale gizani, dakika mbili kwa saa ya mkononi,
akimtazama Arlene, mkewe, aliyekuwa akimenya chungwa.
"Muda wako umekwisha," Arlene akasema.
Akanyamaza. Alikuwa mtu wa kufuata kanuni.

Kisha tisini.
Punda alianguka kwa kura mia nane.
Emmett alikuwa na elfu moja na mia mbili.
Lo! Ndipo walipolijua jina lake.
Mharibifu. Kibaraka. Wakalimwagia rangi sanduku lake la barua.
Waliomwambia miaka kumi na miwili kwamba yeye si kitu
sasa wakamwambia yeye ndiye chanzo cha yote.
Piano za nusu ya wilaya zikaachwa ziimbe kombo.
Nilimsikia posta akimjibu mmoja:
"Sikuiba kura zake. Hazikuwa zake.
Angezitaka, angeziomba."

Mimi nilikuwa karani wa kituo chetu, ghala la zimamoto,
ndiye niliyebandika matokeo mlangoni.
Kituo kidogo, majirani mia na tisa.
Kila mwaka aliogombea, Vondracek: mbili.
Mbili. Mbili. Mbili.
Wakamtania mgahawani, naye akacheka:
"Mimi na Arlene. Kampeni imefika hadi chumbani."

Arlene akafa Machi, tisini na nne.
Novemba Emmett akagombea tena, koti lilelile,
kifungo kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.
Usiku nikabandika karatasi.
Akaja na tochi, akashuka na kidole orodha nzima
hadi chini kabisa, ambako jina lake hukaa.
Mbili.

Akanitazama. "Si mimi," nikasema, na ilikuwa kweli.
"Basi ama kuna mtu mpya," akasema,
"ama miaka yote ile Arlene..."
Hakumaliza. Akazima tochi.

Kesho yake alimvulia kofia kila mtu barabarani:
mwenye duka la misumari, dereva wa basi la shule,
hata Gaylord Stuhr, waliyeacha kusemezana
tangu ule ugomvi wa mtaro.
Gaylord akageuka nyuma kuona anasalimiwa nani.
Hakukuwa na mtu.
Akavua yake.