Nyuma ya Daftari la Madeni

Mbele ni deni.
Nyevu: unga kilo mbili, mafuta ya kupima ya ishirini.
Fundi Chengo: sigara tatu, kiberiti, "nitalipa Ijumaa",
Ijumaa ipi, hakusema.
Mama Rukiya: mkate. Mkate. Mkate.

Usiku ule usingizi ulinipita hivi hivi naona
kama bodaboda aliyekwisha kupata abiria.
Nikakaa juu ya kreti la soda, mlango nusu,
mitungi imejipanga ukutani, mitupu,
mfereji wetu wa Kisauni una siku tisa haujakohoa.
Moyo ulinienda mbio, mbio za nini sijui,
hakuna aliyekuwa akinifukuza.
Nikachukua kalamu nihesabu tena.
Daftari likanipindukia mkononi, juu chini, nyuma mbele,
na pale chini ya jedwali la kuzidisha nikaandika:
Leo mikono imetetemeka nikirudisha chenji.

Basi. Mstari mmoja.
Sikulia, sikuapa, sikuona nuru yoyote.
Nilifunga duka, nikalala kwenye saa saba,
jogoo wa jirani ndiye aliyeniamsha.

Tangu hapo nikishafunga hesabu nalipindua.
Mistari mitatu; wa nne ni porojo.
Jumanne: Joto. Nimemkaripia mtoto wa watu kwa shilingi tano.
Kesho nimwite, nimpe peremende.
Jumatano: Hakuja.
Alhamisi: Maji yametoka saa kumi alfajiri.
Mtaa mzima umeamka kwa kelele za ndoo, ungedhani harusi.
Kuna siku imeandikwa "Leo" tu, na nukta.
Kuna siku tatu hazimo kabisa,
wala sikuzidai.

Dada yangu Mwanahawa alilifungua kwa upande usio wake.
Akasoma, akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Na wewe, nani anakudai?"
"Mimi."
"Unalipa?"
"Kwa mafungu."

Nilikuwa nikiogopa kwamba uchungu ukiandikwa utazaa riba.
Kumbe wa kichwani ndio usio na jumla:
unazunguka, unajihesabu upya kila ukigeuka kitandani.
Ukishuka karatasini una tarehe,
una herufi mbaya za mtu aliyechoka,
una mahali mstari unapoishia.

Jana kurasa zimekutana.
Hapa katikati, penye pini mbili zilizoshika kutu,
upande huu Mama Rukiya, mkate,
upande ule, miguu juu kichwa chini, mwandiko wangu:
Leo nimeisikia adhana ya magharibi yote,
toka mwanzo hadi mwisho,
bila kuwaza bei ya unga.

Kesho nikipita Kongowea nitanunua jingine,
la kurasa tisini na sita, jalada gumu.
Fundi Chengo nitamhamisha.
Mengine yabaki humu.