Sufuria

Dauphin, Manitoba, mwezi wa pili.
Nyuzi thelathini chini ya sifuri, na gari letu
limefungwa waya kwenye ukuta wa nyumba
kama mgonjwa na dripu yake,
injini isigande.

Mume wangu huendesha ambulensi.
Akirudi huvua buti gereji,
huzipanga ncha zikitazama mlango,
kisha huoga mpaka maji ya moto yaishe,
nami huosha vyombo kwa maji ya baridi
wala simwambii.

Tangu Novemba hapiti kivuko cha reli.
Kwenda kununua maziwa
huzungukia makaburini, shuleni, kiwanda cha mbao,
dakika kumi na nne kwa safari ya dakika tatu.
Sikuuliza. Mji huu mdogo;
najua alikuwa mtoto wa nani,
najua rangi ya kofia yake ya sufu,
kwa kuwa mama yake aliifuma mbele yangu
ukumbini kwa kanisa, meza moja,
sisi wengine tukifunga perohi,
vimfuko vya unga na viazi, kwa ajili ya Krismasi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.
Sawa. Lakini wahenga hawakuegesha gari
mbele ya ofisi ya mshauri, Mtaa Mkuu,
mkabala na dirisha la kinyozi.
Hujamaliza kuvua glavu,
habari zimeshafika kituoni kwa mkubwa wake.
"Heri Orest anapata msaada," watasema,
na hiyo heri ina meno.

Basi nilianza mimi.
Saa tisa usiku, jikoni, taa ya jiko tu.
Huduma ya siri, walisema, kwa wanaokimbilia ajali
na kwa wanaowasubiri nyumbani.
Hilo neno la mwisho ndilo lililonikalisha.
Sikujua kusubiri nako ni kazi
inayoweza kumvunja mtu mgongo.
Wakaniambia nichague jina. Nikaandika: Sufuria.
Ndiyo iliyokuwa mbele yangu.
Aliye upande wa pili hakushangaa.
Karibu, Sufuria. Uko macho tangu lini?
Nikajibu: Tangu Novemba.

Sikumtajia mtoto jina. Hakuuliza.
Nilimwandikia kofia. Nilimwandikia maji ya moto.
Nilimwandikia kwamba namwogopea mume wangu,
nikafuta, nikaandika kwamba namwogopa,
nikafuta,
kisha nikayarudisha yote mawili, nikatuma.

Usiku wa jana theluji ililalia nyaya
na mtandao ukakatika katikati ya sentensi.
Kiduara kikazunguka. Kikazunguka.
Nikasikia ngazi ya chini ikilia,
kile kipandio cha nne
alichoahidi kukitengeneza tangu tulipooana.
Orest akatokea na soksi, blanketi begani,
kompyuta wazi mkononi,
uso wake wa buluu kama wa mtu aliyetolewa majini.
"Halyna, mtandao umekatika?"
Halafu akaiona yangu.
Ukurasa uleule, pembe zake za kijani,
kiduara kilekile.

Friji ilinguruma, ikanyamaza.
Akavuta kiti, kile cha wageni, si chake.
Akawa anakwangua chumvi mezani kwa ukucha,
chumvi ambayo haikuwepo.
"Wewe ni nani?" nikauliza. "Huko, namaanisha."
Akachelewa. Nikadhani atainuka.
"Kipandio cha Nne," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni,
mpaka kicheko kikageuka jambo jingine
na mapua yakaniziba.
Yeye hakucheka. Alibandika birika,
akasimama akilitazama kana kwamba lingemtoroka,
akamimina chai vikombe viwili,
na chake, safari hii,
hakushuka nacho chini.