Chungwa la Langoni

Lamu taa kuzimika,
Lali darini kafika,
mwezi juu wamegeka:
"Ni nani kautafuna?"

Shangazi hakusimanga;
kurunzi kamba kafunga
ukutani, ikalenga
chungwa aloshika mwana.

"Kurunzi hii ndo jua,
nawe dunia, tambua;
chungwa ukiliinua,
zunguka, uje kuona.

"Ukitazama taani,
chungwa li giza usoni;
ikiwapo kisogoni,
duara lote lanona.

"Nusu yang'aa daima,
bali ulivyosimama
waonjeshwa kwa kupima:
ukucha leo waona."

Umeme ukaingia.
Lali meno katilia:
"Huu hautarudia,
mimi nimeutafuna!"