Sauti Huja Nyuma

Lenzi si yangu. Ni ya Mutisya wa River Road,
ya kukodi, elfu mbili kwa siku, na kitambulisho changu
kimebaki kwenye droo yake na vya wenzangu wenye tamaa.
Kazi yangu ni pasipoti. Tazama hapa. Usicheke.
Leo anayepigwa hatulii.

Bustani ya Uhuru, saa nne, nyasi zimelazwa na viatu.
Wajuzi wamefika mapema, wamelipa jua kisogo.
Mmoja ananinong'oneza: helikopta usiiharakishe,
ukiikamata upesi mno panga zake zitaganda,
itaonekana imeanikwa kwenye kamba kama shati.
Jeti je?
Jeti usiifuate kwa sikio. Ukiisikia, imeshapita.

Ya kwanza: mawingu.
Ya pili: mawingu na ncha ya mkia.
Ya kumi na tisa: mwewe, unyoya kwa unyoya,
maana kamera ilimpenda yeye kuliko serikali.

Kisha zikaja tatu kutoka upande wa Ngong,
chini, kijivu, bega kwa bega.
Nikazungusha kiuno polepole, pumzi nimeibana,
kidole kikazama,
ndipo sauti ikauangukia uwanja
kama mabati ya mtaa mzima yaking'olewa kwa mkupuo mmoja.
Watu wakashangilia. Watoto wakaruka.

Shangazi Kwamboka hakuruka.
Nilimleta apunge hewa, ale aiskrimu.
Alikuwa amepiga magoti, mkoba kichwani,
mkono mmoja ukipapasa nyasi
ukitafuta kitu cha kuvutia chini ya kitanda.

Kitanda cha Isili. Agosti ile, themanini na mbili.
Nilikuwa na miezi minne.
Kitu hicho ni mimi.

Jioni Mutisya akauliza, umezipata?
Nikamwonyesha zile tatu, kali,
hata kofia za marubani unaziona.
Akapiga mluzi, akafungua droo, akanipa kitambulisho,
nami nikaisoma tarehe ya kuzaliwa
kana kwamba kuna mtu angeniuliza.

Ile iliyofuata sikumwonyesha.
Sikumbuki kuipiga; niligeuka na kidole bado kimebonyeza.
Lenzi ndefu haimwezi aliye karibu.
Haina uso, haina uwanja,
ni ukungu wa kijani tu
na kiganja,
kimefunguka.